DAKTARI LIVINGSTONE NA HESABU ZA JUA NA NYOTA

Chomeka kijiti wima katika uwanja wa shule hapa Kasekese, ungoje saa ya ukutani ifike saa sita kamili za mchana, kisha utazame kivuli chake. Utaona kwamba kivuli bado kinaendelea kufupika. Hakitafikia ufupi wake wote mpaka iwe karibu saa saba kasoro dakika nne, na kwa miezi mingine kitatangulia au kuchelewa kadiri ya robo saa. Saa haikukosa, wala jua halikuchelewa. Saa zetu zimefuatishwa na mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao unapita baharini mbali na Dar es Salaam, na sisi watu wa upande wa Mpanda tunakaa karibu na nyuzi 31. Tofauti ni nyuzi 14. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa muda wa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa moja, au nyuzi moja kwa dakika nne. Zidisha 14 kwa 4, utapata dakika 56.

Hesabu hiyo ndogo iliwahi kupita katika nchi yetu ikiwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja, zaidi ya miaka 150 iliyopita. Wengi wetu tumefundishwa habari za Daktari David Livingstone kama mhubiri, tabibu, na adui wa biashara ya watumwa, na yote hayo ni kweli. Lakini kila usiku mbingu zilipokuwa nyeupe, na homa ikimruhusu, alikuwa mtu wa duara na pembe. Habari hiyo ndiyo tunayotaka kuisimulia, maana haisimuliwi sana.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, kijiji cha kiwanda cha pamba katika nchi ya Scotland. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipotimiza miaka 10 aliingia kiwandani kuunga nyuzi zilizokatika, akaanza kazi saa kumi na mbili asubuhi na kuiacha saa mbili usiku. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Akazoea kukiweka kitabu juu ya mashine, akasoma sentensi moja kila alipopita mbele yake, huku mitambo ikivuma pande zote. Baada ya kazi alikwenda shule ya usiku. Mwaka 1836 alianza masomo ya utabibu mjini Glasgow, na mwaka 1840 akapewa cheti cha udaktari. Mwezi Desemba mwaka ule ule akapanda merikebu kwenda Afrika ya Kusini.

Ndani ya merikebu hiyo ndipo somo letu linapoanzia. Nahodha alikuwa mtu mwema, akakubali kumwonyesha abiria wake jinsi mabaharia wanavyopima jua na nyota ili kujua chombo kiko wapi. Livingstone alijifunza, lakini kwa juu juu tu. Mwaka 1844 alirukiwa na simba huko Mabotsa, akavunjwa mfupa wa mkono wa kushoto karibu na bega. Mfupa ukaunga vibaya, na mkono haukurudia nguvu zake za kwanza. (Tuukumbuke mfupa huo.) Mwaka 1849 akafika Ziwa Ngami pamoja na Waingereza wenzake wawili. Lakini kufika mahali si sawa na kuweza kumwonyesha mtu mwingine mahali hapo katika ramani, na yeye mwenyewe aliona upungufu huo.

Basi mwaka 1852, akiwa Cape Town, alikwenda kwa Thomas Maclear, mkuu wa nyumba ya kutazamia nyota, akaketi kama mwanafunzi. Umri wake ulikuwa miaka 39, na mke na watoto alikuwa nao. Maclear alimfundisha kushika sekstanti sawasawa na kufanya hesabu zake hata mwisho. Urafiki wao ulidumu muda wote wa maisha. Rasi ya Maclear, kule Ziwa Nyasa upande wa Malawi, ilipewa jina na Livingstone kwa heshima ya mwalimu huyo.

Sasa tueleze kazi yenyewe, na wazazi wasioupenda mchezo wa pembe watuvumilie kidogo.

Sekstanti ni chombo chenye tao la sehemu moja ya sita ya duara, yaani nyuzi 60, na kioo kinachozunguka. Kioo kikizungushwa kwa nyuzi moja, mwali wa nuru unaorudi hugeuka kwa nyuzi mbili. Kwa hiyo tao la nyuzi 60 laweza kupima pembe mpaka nyuzi 120. Baharia hupima pembe kati ya nyota na upeo wa bahari. Lakini msituni Katavi upeo wa bahari uko wapi? Kuna miti na vilima tu. Msafiri wa bara humimina zebaki katika sinia ndogo. Zebaki hutulia ikawa kioo kilicholala sawa kabisa, na nyota huonekana humo kana kwamba iko chini ya ardhi. Msafiri hupima pembe kati ya nyota ya juu na nyota ya chini, kisha huigawa kwa mbili, maana mwali huondoka juu ya kioo kwa pembe ile ile uliyojia.

Hapa pana tatizo ambalo mwanafunzi wa nchi yetu aweza kulivumbua mwenyewe. Mpanda iko karibu nyuzi 6 na dakika 20 kusini ya ikweta. Tarehe 21 Machi jua linasimama juu ya ikweta. Kwa kuwa miale ya jua hutujia sambamba, pembe kati ya jua la adhuhuri na utosi wetu ni sawa na pembe iliyo katika kitovu cha dunia kati yetu na ikweta, yaani hizo nyuzi 6 na dakika 20. Basi jua liko nyuzi 83 na dakika 40 juu ya upeo. Likionekana katika zebaki, pembe hujirudia mara mbili: nyuzi 167 na dakika 20. Sekstanti inakomea 120! Ndiyo sababu msafiri katika nchi hizi za joto hulazimika mara nyingi kuliacha jua la adhuhuri, akakesha kungojea nyota isiyopanda juu mno.

Tuchukue nyota ya Suheli, ambayo mabaharia wa pwani waliijua tangu zamani, hata upande wa kusini wakauita kwa jina lake. Nyota hiyo iko nyuzi 52 na dakika 42 kusini ya ikweta ya mbingu. Tuseme mtu ameipima katika zebaki wakati ilipofika juu kuliko saa zote, akapata nyuzi 87 na dakika 16. Nusu yake ni nyuzi 43 na dakika 38. Toa katika 90, yabaki 46 na dakika 22: huo ndio umbali wa nyota kutoka utosini. Toa hiyo katika 52 na dakika 42. Jibu ni 6 na dakika 20, na mtu huyo yuko Mpanda, au mahali pengine po pote duniani katika duara ile ile ya latitudo. Kila nyuzi moja ya latitudo ni kilometa 111 hivi, basi kutoka ikweta mpaka Mpanda ni kilometa 700 na kidogo. Mtu mwenye mkono mtulivu haoni shida kubwa katika latitudo, na Livingstone alizipima vizuri.

Longitudo ndiyo iliyomtesa. Kwa hiyo yapasa ujue ni saa ngapi Greenwich wakati huo huo unapoitazama nyota ya mahali ulipo. Njia ya kwanza ni kuchukua saa nzuri sana, inayoitwa kronometa, iliyotiwa majira ya Greenwich. Hakuna saa isiyozidi wala kupungua. Kinachotakiwa ni kwamba izidi au ipungue kwa kadiri moja kila siku. Ikiwa yapoteza sekunde 4 kila siku, bila kubadilika, baada ya siku 20 utaongeza sekunde 80 na mambo yatakuwa sawa. Lakini kama kadiri hiyo ilibadilika nawe hukujua, zile sekunde 80 ni kosa la dakika 20 za longitudo, na katika nchi zetu hizi hiyo ni kilometa 37. Mto mzima waweza kuhamishwa katika ramani.

Njia ya pili ni mwezi. Mwezi husogea kati ya nyota kadiri ya nusu ya nyuzi kwa saa, yaani kama upana wake wenyewe. Ukipima pembe kati ya mwezi na nyota fulani, ukatazama katika kitabu cha mabaharia, utajua ni saa ngapi Greenwich bila kronometa. Njia hii haina haja ya saa nzuri, bali ina haja ya subira isiyo ya kawaida. Kwa sababu mwezi unakwenda polepole, ukikosea dakika moja tu ya pembe utakosea dakika mbili za saa, nazo ni nusu ya nyuzi ya longitudo, kilometa 55 hivi. Kwa hiyo hupimi mara moja. Unapima tena na tena, usiku baada ya usiku, na hesabu ya kila kipimo hujaza ukurasa.

Kwa elimu hiyo Livingstone alivuka Afrika. Alifika Luanda, pwani ya magharibi, tarehe 31 Mei 1854, amedhoofika kwa homa. Angeweza kupanda merikebu kwenda kwao. Alikataa, kwa sababu aliwaahidi Wamakololo waliofuatana naye kwamba atawarudisha. Barua zake na ramani yake alizipakia katika merikebu iitwayo Forerunner. Merikebu ikazama karibu na kisiwa cha Madeira, na karatasi zote zikapotea. Habari zilimkuta njiani, akiwa bado katika nchi ya Angola. Alikaa chini akaanza kuandika na kuchora yote upya. Kila mwanafunzi aliyewahi kupotewa na daftari la hesabu juma moja kabla ya mtihani ataelewa uchungu wake. Vipimo vyake alimpelekea Maclear, akavikagua. Mwezi Novemba 1855 aliona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, na tarehe 20 Mei 1856 akafika Quelimane katika pwani ya mashariki.

Tusimsifu kupita haki. Katika safari hiyo, alipokuwa akiteremka mto Zambezi, alikata njia ya mkato, akauacha mto mahali unapopinda, asiuone. Akawaambia watu wa Uingereza kwamba mto unafaa kwa meli. Serikali ilimpa meli na watu, na mwaka 1858 wakakuta mahali pale pale pasipoonwa pana maporomoko ya Kebrabasa, ambayo hakuna chombo kingeweza kuyapanda. Fedha nyingi na maisha ya watu yalipotea katika safari ile, na mke wake Mary akafa kwa homa huko Shupanga mwaka 1862. Yeye aliyepima mamia ya nyota alikuwa ameacha kupima kipande kimoja cha mto.

Mwaka 1866 alirudi Afrika mara ya mwisho, akashuka Mikindani, akatafuta chanzo cha mto Nile. Mwezi Januari 1867 mambo mawili yalimpata. Mtu aliyebeba kronometa aliteleza akaanguka nazo, na mwendo wa saa zile ukaharibika. Siku chache baadaye mpagazi mwingine alitoroka na sanduku la dawa. Watu husimulia zaidi habari za dawa, na ni haki, maana tangu hapo homa haikuwa na wa kuizuia. Lakini anguko la kwanza nalo lilikuwa na matokeo yake. Alifika kusini ya Ziwa Tanganyika mwezi Aprili mwaka ule, na Ziwa Bangweulu mwezi Julai 1868. Longitudo alizoandika huko zilikuwa na makosa, na Bangweulu aliyoichora ilikuwa kubwa kuliko ilivyo. Ramani hiyo yenye kosa aliikunja akaihifadhi.

Alikaa sana upande wa magharibi wa ziwa letu. Huko Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, aliona kwa macho yake watu wa wafanya biashara ya watumwa wakiwaua wanawake na watoto sokoni, akarudi Ujiji amevunjika moyo. Stanley alimkuta hapo. Walipolinganisha tarehe, hazikupatana. Siku za ugonjwa zilikuwa zimemvuruga Daktari. Jambo hili si dogo kwa mpimaji. Mwishoni mwa Machi na Septemba jua hubadili mahali pake kaskazini na kusini kwa dakika 24 hivi za pembe kila siku, ingawa mwezi wa Juni na Desemba karibu halisogei. Anayepoteza siku moja mwezi wa Septemba, akapima jua, amejipoteza kilometa 44.

Wawili hao walisafiri kwa mtumbwi mpaka ncha ya kaskazini ya ziwa, wakaona kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Kisha mwezi Januari 1872 wakaacha ziwa huko Urimba, wakaenda kwa miguu kuelekea Unyanyembe wakipita nchi ya Ukawendi, nchi ya Wabende. Hapo wakawa katika misitu yetu. Miguu ya Livingstone ilikuwa na vidonda. Nyuki walimshambulia punda wake, akafa; na wazee wetu wanaotundika mizinga hawatashangaa. Walifika Unyanyembe tarehe 18 Februari.

Stanley akaenda pwani, akamletea watu wapya. Tarehe 25 Agosti 1872 Livingstone akaondoka Unyanyembe, akaja tena upande huu, akafuata kando ya ziwa kuelekea kusini katika jua kali la Oktoba, akipita nchi ambazo leo ni mikoa ya Katavi na Rukwa. Aliamini kwamba Lualaba ndio Nile, ingawa mashaka yalimjia kwamba huenda ni Kongo. Januari 1873 alifika tena Bangweulu, safari hii kutoka upande wa mashariki, wakati wa masika, mafuriko yamefunika nchi. Alitazama ramani yake, na nchi haikufanana nayo. Kwa majuma mengi walihangaika katika maji na matete, watu wakimbeba mabegani. Si kosa la longitudo peke yake lililomwua; ugonjwa ulikuwa umekwisha kumla. Lakini nguvu za mwisho alizitumia kutafuta njia mahali ambapo hesabu yake ya zamani haikuweza kumsaidia.

Tarehe 30 Aprili, katika kijiji cha Chitambo, hakuweza tena kusimama. Aliomba aletewe saa yake. Akamwonyesha Susi namna ya kuishika katika kiganja, kisha yeye mwenyewe akazungusha ufunguo polepole mpaka saa ikajaa. Usiku alimwuliza Susi ni siku ngapi kufika Luapula, akajibiwa kwamba ni siku tatu. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 1 Mei walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa.

Susi na Chuma pamoja na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga, wakaanza safari ya miezi tisa mpaka Bagamoyo. Walipita upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, na vitabu vyake na vyombo vyake vyote wakavibeba bila kupoteza. Huko Uingereza mwili ulitambuliwa kwa mfupa ule uliovunjwa na simba, ukazikwa Westminster tarehe 18 Aprili 1874.

Vyombo lakini havikufika vyote pwani. Katika Unyanyembe, mwezi Oktoba 1873, wapagazi walikutana na Luteni Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Daktari. Cameron aliona sekstanti na vyombo vingine kuwa bora kuliko vyake, akavichukua. Wale waliovibeba mbali namna ile hawakupendezwa, na sisi pia twaona kwamba walikuwa na haki ya kununa. Ila tuseme na lililofuata. Mwaka 1874 Cameron alipanda mitumbwi kutoka Ujiji, akashuka pwani ya mashariki ya ziwa kuelekea kusini, akapita mbele ya nchi yetu akipima kila rasi na mlango wa mto, akazunguka ncha ya kusini, akapanda upande wa magharibi. Alihesabu mito 96 inayoingia ziwani. Mwezi Mei akauona mmoja unaotoka, mto Lukuga. Kisha akaenda Nyangwe, akapima kimo cha Lualaba kutoka usawa wa bahari, akakuta maji yake yako chini kuliko maji ya Nile kule Gondokoro. Mto hauwezi kupanda mlima. Basi Lualaba haikuwa Nile.